Kurusha droni Kilwa Kisiwani: jinsi ya kupiga video ya magofu na bahari yake

Video nyingi za droni zinazopigwa Kilwa Kisiwani zina kasoro moja: zimepigwa kutoka juu mno. Kwenye mita 100 Msikiti Mkuu unageuka kiraka cha kijivu katikati ya majani, kuba zake zinalala bapa kama vifuniko vya sufuria, na mtazamaji haambulii chochote ambacho asingekipata bure kwenye ramani ya setelaiti. Jengo lenyewe hupigwa vizuri zaidi na mtu aliyesimama chini na simu yake. Kazi ya droni ni kuonyesha kwa nini mji ulijengwa pale: mkondo wa maji yenye kina kati ya kisiwa na bara, mahali pa kutia nanga penye kinga, mikoko pembeni na bahari kuu upande wa pili. Mwongozo huu umepangwa kwa kazi hiyo.

Kwanza, jua unachokipiga

Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, kisiwa jirani chenye magofu pia, ziliandikwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1981. Mwaka 2004 zikahamishiwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, na zikatolewa humo mwaka 2014 baada ya kazi ya ukarabati. Kwa mpiga video, magofu ya Kisiwani ni mafungu matatu.

La kwanza ni Gereza, ngome iliyo ufukweni kabisa. Wareno walijenga ngome hapo mwaka 1505, lakini kuta unazoziona leo kwa sehemu kubwa ni za enzi ya Waomani, karibu na mwaka 1800. La pili liko ndani kidogo: Msikiti Mkuu, Msikiti Mdogo wa Kuba, na Makutani, kasri lenye ukuta mrefu. La tatu ni Husuni Kubwa na Husuni Ndogo, zaidi ya kilomita moja kuelekea mashariki, Husuni Kubwa ikiwa juu ya genge linalotazama bahari. Hili ndilo kasri linalohusishwa na Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule aliyekuwa akitawala msafiri Ibn Battuta wa Moroko alipofika Kilwa mwaka 1331.

Usijaribu kuyamaliza mafungu yote asubuhi moja. Kwa betri tatu utapata Gereza na Msikiti Mkuu vizuri. Husuni Kubwa ipe siku yake.

Vibali

Anza mapema, mwezi mmoja au miwili kabla ya safari. Tanzania Bara droni huombewa kibali Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA), na ombi hilo huhusisha pia idhini ya upande wa ulinzi. Ukipiga kwa ajili ya filamu, tangazo au biashara, kuna kibali cha Bodi ya Filamu. Juu ya hivyo, ofisi inayosimamia magofu, iliyopo Kilwa Masoko, mji wa bara unaotazamana na kisiwa, ndiyo inayokuruhusu kuingia kisiwani, na kibali cha kutembelea si kibali cha kurusha. Eleza kwa maandishi kwamba una droni, uzito wake na siku utakazoirusha.

Watu wengi husahau kwamba Kilwa Masoko ina kiwanja cha ndege. Ni kidogo, lakini ndege hushuka pale, na njia yake ya kushukia inaweza kupita karibu na unaporusha. Uliza ratiba ya siku hiyo kabla ya kuwasha chochote. Ukisikia mlio wa ndege, shusha droni mpaka usawa wa miti bila kusubiri kuiona.

Kisiwa kina wakazi, na baadhi ya nyumba ziko hatua chache kutoka kwenye magofu. Pitia kwa viongozi wa kijiji pamoja na mwongoza wageni wako, waeleze utaruka wapi na saa ngapi. Usiruke juu ya nyua za watu. Siku ya Ijumaa acha kurusha kuanzia saa 6 mchana mpaka sala iishe. Makaburi yapige kwa mbali na kwa upole. Mlio wa droni juu ya kaburi haumpendezi mtu yeyote.

Kuchagua siku: maji, upepo na jua

Hapa ndipo kazi huharibika au hutengenezeka. Wageni huchagua siku kwa kalenda ya likizo, ilhali Kilwa huchaguliwa kwa mwezi wa angani.

Bamvua, yaani maji yanayojaa na kupwa kupita kawaida, huja siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu na siku mbili tatu zinazofuata. Katika pwani yetu, siku ya mwezi mpevu maji hujaa karibu saa 10 alfajiri na kupwa karibu saa 4 asubuhi. Kila siku inayofuata huchelewa kwa kama dakika 50. Fanya hesabu: siku ya tatu baada ya mwezi mpevu au mwandamo, maji yatajaa karibu saa 12 na nusu asubuhi, jua likiwa ndiyo kwanza linatoka. Hiyo ndiyo siku ya Gereza. Bahari imefika karibu na kuta, haina matope ya kuonyesha, na mashua ikipita inapita palepale ambapo majahazi ya zamani yalipita. Hakikisha kwenye jedwali la maji. La Dar es Salaam au Mtwara linatosha, tofauti ni dakika chache.

Ukitaka picha ya kinyume chake, ya miamba na mikondo iliyojichora mchangani, nenda siku yenyewe ya mwezi mpevu, uruke kati ya saa 3 na saa 5 asubuhi maji yakiwa yamepwa. Ila jua kwamba mashua itakushusha mbali na utatembea majini na begi kichwani. Wakati wa maji mafu, bahari haijai sana wala haikauki sana, na picha inakuwa ya katikati, isiyo na cha kusema.

Upepo nao una mambo yake. Kusi huvuma kuanzia Aprili au Mei mpaka Septemba, na Juni hadi Agosti huwa na nguvu. Kaskazi hushika kuanzia Desemba mpaka Machi. Kati yake ni tanga mbili, upepo haujaamua uelekee wapi, na hapo ndipo droni ndogo inapopumua. Hata wakati wa kusi alfajiri huwa tulivu kuliko mchana, kwa hiyo ukikwama na Julai, maliza kabla ya saa 3.

Kuhusu jua, mwezi wa Juni jua huchomoza upande wa kaskazini ya mashariki na kumulika uso wa Gereza unaotazama maji, lakini kusi ndiyo imekolea. Desemba huchomoza kusini ya mashariki na uso huohuo hubaki kivulini asubuhi. Oktoba jua hutoka karibu mashariki halisi, na mwanga hupita kwenye ukuta kwa ubavu. Mwanga wa ubavu ndio unaotenga jiwe moja la tumbawe na jingine na kuonyesha pale chokaa ilipobanduka. Majani pia yamekauka, kwa hiyo kuta fupi ambazo baada ya masika humezwa na vichaka zinaonekana. Mwenye uhuru wa kuchagua achukue Oktoba.

Maandalizi ya nyumbani

Fanya masasisho yote ya programu ya droni na rimoti ukiwa bado na intaneti ya uhakika, kisha irushe mara moja uani ili ujue imekubali. Droni inayodai sasisho ikiwa ufukweni ni mzigo tu. Pakua ramani ya Kilwa kwenye simu ili ionekane bila mtandao.

Betri tatu zilizojaa, na mapanga ya akiba (yale yanayozunguka na kuinua droni) angalau seti moja pamoja na bisibisi yake. Memori kadi iwe na alama ya kasi ya V30 au zaidi. Video ya 4K kwa megabiti 100 kwa sekunde hula kama megabaiti 750 kwa dakika. Kadi ya gigabaiti 128 hubeba karibu saa 2 na dakika 45, zaidi ya betri zako zote. Chukua kadi mbili ndogo badala ya moja kubwa, maana kinachozama hakirudi. Ongeza mkeka wa kurukia, kitambaa laini, chupa ya maji baridi yasiyo ya chumvi, na mfuko wa kitambaa cheupe wa kuwekea betri. Begi jeusi likiachwa juani kwa nusu saa, betri hupata joto na droni ikakataa kuruka.

Ukisafiri kwa ndege kufika, betri ziende nawe ndani, si kwenye mzigo unaopakiwa chini.

Mpangilio wa kamera

Weka fremu 25 kwa sekunde na shata, yaani muda kamera inaoingiza mwanga kwa kila fremu, iwe 1/50 ya sekunde. Uwiano huu huipa video mwendo laini. Shata ikiwa 1/2000 mawimbi na majani ya minazi hukatikakatika machoni. Tatizo ni kwamba mwanga wa pwani ni mwingi mno kwa shata ya polepole hivyo, ndiyo maana kuna filta za ND, miwani ya jua ya kamera.

Hesabu yake haina uchawi. Kwenye jua kali la mchana, kamera yenye tundu la kuingizia mwanga la f/2.8 na ISO 100 (usikivu wake kwa mwanga) huhitaji shata kama 1/3200. Kushuka hadi 1/50 ni kupunguza mwanga mara 64, basi ni ND64. Droni ndogo nyingi zina tundu la f/1.7 lisilobadilika, linaloingiza mwanga mara mbili na nusu zaidi, kwa hiyo mchana zinataka ND128 au zaidi. Asubuhi ya saa 1 na nusu mwanga ni mdogo kiasi kwamba ND16 au ND32 hutosha. Vaa filta kabla ya kuwasha droni. Kuisukuma kamera ikiwa imeshawaka kunachosha injini ndogo za gimbali, kile kishikio kinachoituliza kamera, na mara nyingine upeo wa macho hubaki umeinama safari nzima.

Funga rangi kwenye kelvini 5500 na ufunge mwangaza pia. Ukiacha kamera ijiamulie, pale bahari inapoingia kwenye fremu picha hufifia ghafla na kuta za Gereza huwa nyeusi, kisha ukigeukia miti kila kitu kinang'aa. Kosa hili haliondoki kwenye uhariri. Washa mistari ya kuonyesha mwanga uliozidi. Ikitokea kwenye mchanga mweupe pekee vumilia, ikifika kwenye kuta punguza.

Kurusha

Usirushe kutoka kwenye mashua. Chuma na injini huchanganya dira, mawimbi hufanya vihisi vya mlalo vishindwe kutulia, na zaidi ya yote, droni hukumbuka mahali ilipoanzia. Mashua ikisogea mita 60, amri ya kurudi nyumbani itaipeleka droni pale ilipoanzia, na pale sasa ni maji. Shuka, panda juu ya mstari wa maji, tandika mkeka mahali pasipo na mabati wala nondo.

Subiri setelaiti za kutosha na ujumbe kwamba sehemu ya kurudia imerekodiwa. Weka kimo cha kurudi nyumbani mita 50. Minazi na mibuyu ya pale haifiki huko. Inua droni mita 3, iache sekunde 20. Kama inateleza upande au inazunguka yenyewe, ishushe ukarekebishe dira mahali pengine.

Kabla ya kwenda baharini, tazama maji. Vichwa vya mawimbi vikitoa povu jeupe kila mahali, upepo wa chini ni kama mita 6 hadi 8 kwa sekunde, na juu ni zaidi. Sasa piga hesabu: droni inayokwenda mita 10 kwa sekunde, ikirudi dhidi ya upepo wa mita 8, inabakiwa na mwendo wa mita 2. Mita 400 zitaichukua dakika 3 na sekunde 20, na betri inaisha kwa kasi maana inapambana. Kwa hiyo anza kwa kuelekea upepo unakotoka, urudi ukisukumwa. Upepo ukitoka nchi kavu kwenda baharini, usiende mbali hata kama kunavutia. Betri ikifika asilimia 30 geuza, bila mjadala na nafsi.

Juu ya maji usishuke chini ya mita 8. Vihisi vya tumboni huangalia alama za ardhini, na mawimbi yanayometa huvidanganya. Droni huweza kuteleza au kushuka yenyewe. Kunguru na mwewe nao huja. Ndege akianza kukuzunguka, panda moja kwa moja juu, maana wao hushambulia kwa kushuka, kisha ondoka eneo hilo.

Shoti tano

Ya kwanza ni kuingia kutoka baharini. Toka mita 250 mbele ya Gereza, kimo mita 12, mwendo mita 4 kwa sekunde, kamera ikitazama mbele na upeo ukiwa theluthi ya juu. Itachukua dakika moja na ushee. Utatumia sekunde 10 tu, lakini hujui zipi. Hiki ndicho alichokiona nahodha aliyekuwa akiingia Kilwa, na kimo kikizidi mita 20 hisia hiyo inapotea.

Ya pili ianzie nyuma ya Gereza, upande wa nchi kavu. Weka droni mita 3 kutoka ardhini, ukuta ukijaza fremu, mita 10 mbele yake. Panda kwa mita 1.5 kwa sekunde bila kugusa kitu kingine, mpaka mita 40. Mwanzoni ni mawe tu. Kisha mkondo unatokea juu ya ukuta, kisha bara. Sekunde 25. Ukilazimika kuchagua shoti moja ya safari nzima, chukua hii, maana ndiyo inayojibu kwa nini ngome ipo pale.

Ya tatu ni Msikiti Mkuu. Sehemu ya kaskazini ndiyo ya zamani zaidi na ni ndogo. Ile pana ya kusini yenye kuba na mapaa ya tao iliongezwa baadaye. Zunguka kwa kimo cha mita 25 na umbali wa mita 35 kutoka katikati, kamera ikiinama nyuzi 35, mwendo mita 2 kwa sekunde. Duara zima ni mita 220, lakini fanya nusu tu, upande ambao jua linapiga kwa ubavu. Nusu ya pili utakuwa na jua mgongoni na kuba zitapoteza vivuli, yaani zitapoteza mviringo wake. Ukizungusha kwa mkono badala ya programu, vidole viwili vifanye kazi kwa pamoja: kimoja kinasogeza droni ubavuni, kingine kinageuza pua taratibu. Msikiti ukihama kutoka katikati ya fremu, usiurudishe kwa ghafla. Acha shoti imalizike, rudia.

Ya nne ni birika la pembe nane la Husuni Kubwa. Ukiwa chini unaona kingo tu. Pembe zote nane huonekana kutoka juu. Hapa, na hapa tu, kamera itazame chini wima, mita 20 hadi 25. Panda polepole bila kuzungusha. Watu wanapenda kuizungusha droni kama feni kwenye shoti hii, na mtazamaji anashika kichwa.

Ya tano ndiyo ya juu, mita 90 hadi 110: kisiwa, mkondo, mikoko, bara. Moja tu, na iwe tulivu.

Kila shoti ianze na kuisha kwa sekunde 10 za kutulia hewani. Mhariri atakushukuru, hata kama mhariri ni wewe. Na usitue kamwe juu ya paa la gofu wala kupanda ukutani ili kupata ishara. Mawe ya matumbawe yaliyoshikwa na chokaa ya karne nyingi hayabebi mtu anayetafuta mtandao.

Songo Mnara ina mpangilio mwingine: uwazi mpana katikati wenye makaburi, nyumba zikiuzunguka. Shoti ya mita 35 inayopita polepole juu ya ukingo wa uwazi huo inatosha. Safari ya mashua hufuata maji kwa sababu ya mikoko, hivyo saa ya kuruka utapangiwa na nahodha.

Baada ya kutua

Droni haina sauti ya kutumika, mlio wa mapanga tu. Baada ya kuizima, kaa na simu dakika tano tano sehemu tatu: mawimbi kwenye mguu wa Gereza, upepo ndani ya Msikiti Mkuu, na mashua ikisukumwa majini. Shikilia simu kwa kitambaa kuzunguka kipaza sauti.

Futa droni kwa kitambaa kilicholowanishwa kidogo na maji baridi, hasa mikono na sehemu za injini, kisha kikavu. Chumvi haionekani siku hiyo. Wiki mbili baadaye injini inakwaruza. Zungusha kila panga kwa kidole na usikilize kama kuna mchanga. Betri usizijaze tena usiku huohuo kama huruki kesho. Ziache kati ya asilimia 40 na 60.

Katika uhariri, shoti moja isizidi sekunde 10 isipokuwa ile ya kupanda nyuma ya Gereza, ambayo huachwa nzima. Usiongeze buluu ya bahari. Pale ilivyo inatosha. Andika jina la kila jengo linapotokea mara ya kwanza, kwa sababu kwa mtu asiyefika, Makutani na Gereza ni kuta zilezile. Nakili kadi zote mbili kwenye diski kabla ya kuvuka kurudi Kilwa Masoko kama una kompyuta, na kama huna, kadi moja ivuke kwenye mfuko wako na nyingine kwenye begi la mwenzako.